Nzuri, Ila

Wifi yangu Paskazia alikuwa na maneno mengi kuliko redio, na nasema hivyo mimi Noela, ambaye mama yangu mzazi hunilalamikia mdomo tangu nilipoota meno. Alikuwa akishona maturubai ya malori pale Isaka, kwenye baraza ya duka la Mzee Liaquat. Alikaa juu ya turubai lenyewe, miguu ameinyoosha, mkononi ile sindano ndefu ya kushonea magunia. Dereva wa kwenda Kigali akishusha turubai lililochanika, kabla hajaonyesha limechanikia wapi, ataulizwa kwanza habari za njiani, za mkewe, za yule mtoto aliyekuwa na surua safari iliyopita. Wenye haraka walinung'unika. Wenye akili walikaa chini wakajibu, maana turubai lililopita mikononi mwa Paskazia halikuvuja.

Kuna jambo la kwetu ambalo kila mtu analifanya na hakuna anayelitazama. Ukimuuliza mtu habari, atakujibu nzuri. Hata kama nyumba yake imeungua jana, atakujibu nzuri. Kisha atavuta pumzi, na ndipo itakapokuja: ila. "Nzuri, ila tumefiwa." "Nzuri, ila ng'ombe wamekwisha." Kwa Kisukuma ni vilevile, mhola duhu, salama tu, halafu msiba unafuata nyuma. Nzuri ni adabu. Habari yenyewe iko kwenye ila. Na Paskazia alijua kuisubiri ila ya mtu. Alikata uzi kwa meno, akanyamaza, akaendelea kushona, mpaka dereva mwenye ndevu zake anajikuta anafuta machozi mbele ya duka la watu.

Mwaka juzi, mvua zilipokatika, akaacha kusalimia.

Wa kwanza kuliona alikuwa mama yangu, ambaye ni mama mkwe wake. Kwetu mkwe akikupita bila kupiga goti, hiyo ni vita. "Sostenes," mama akamwambia kaka yangu, "mkeo ananinunia. Nimemkosea nini?" Kaka yangu, anayepakua mizigo pale bandari kavu, akaenda kumuuliza mkewe, na mkewe akamtazama tu. Watu wakaanza kutafuta sababu, na Isaka haijawahi kukosa sababu. Sostenes ana mwanamke Kahama. Mama mkwe ni mchawi. Paskazia ameokota hirizi ndani ya turubai la Wakongo. Namjua kaka yangu. Angekuwa na mwanamke Kahama ningekuwa wa kwanza kumtangaza. Hakuna aliyekufa. Hakuna aliyemwibia wala kumpiga. Mwanamke alikuwa anazimika tu, mchana kweupe, na sisi tunatazama.

Tukampeleka kuombewa, akaombewa. Tukampeleka kwa mganga Ushetu, akachanjwa chale na kufukizwa moshi mpaka macho yakawa mekundu. Alikubali kila kitu. Hilo ndilo lililonitia hofu, kwa sababu Paskazia niliyemjua mimi hakuwahi kukubali hata bei ya nyanya bila kubishana. Baadaye akaacha kwenda barazani, akaacha kuoga, akaacha kula. Akalala ameelekea ukutani. Mtoto wake Donatus akirudi shule na kumwita, hageuki. Ndipo Sostenes alipombeba, tukapanda basi mpaka Shinyanga, na daktari akasema anamlaza.

Ilikuwa wodi ya wagonjwa wa akili. Mama aliposikia hivyo kwenye simu alikaa chini, nilimsikia akikaa.

Daktari aliitwa Eustace, mtu mpole, mwenye sauti ya chini. Alisema ni sonona, tena sonona kali. Nimesoma Kiswahili shuleni, nimegombana kwa Kiswahili sokoni, lakini neno hilo sikuwa nalo. Nikadhani ni jina la dawa. Akatueleza kwamba ni ugonjwa, na kwamba unaweza kumpata mtu ambaye hajakosewa na yeyote. Nilipompa mama maelezo hayo aliniuliza, "Ugonjwa gani huo usio na homa wala kidonda?" Nikafunga genge langu la chakula, nikahamia Shinyanga kuwa mwangalizi, maana wodi ile inataka ndugu wa kumwogesha mgonjwa, kumlisha, na kukaa naye.

Pale getini walichukua mkanda, kamba za viatu, wembe wa kukatia kucha. Asubuhi nesi anagawa vidonge, mgonjwa anameza mbele yake, anafungua mdomo, anainua ulimi. Baada ya uji, wanaoweza kutembea wanakaa duara chini ya mwarobaini, na kila mtu anaombwa aseme lolote. Mwanamke mmoja wa Segese alikuwa anasema jina lake tu, kila siku, kana kwamba ndiyo kwanza amefika. Paskazia hakusema hata hilo. Alikaa, vidole vyake vinachomoa nyuzi kwenye pindo la shuka. Nikaona mikono ile inataka kazi, nikaenda kwa nesi kumwomba sindano na kipande cha turubai.

"Sindano haiingii humu, mama," akasema.

Nilikasirika, nikamwambia maneno. Halafu nikaelewa sindano ile waliiogopea nini, nikarudi kukaa, nikamwacha achomoe nyuzi. Nilikuwa nampenda wifi yangu. Sikuwahi kumwambia, mawifi hatuambiani vitu hivyo, tunataniana tu.

Asubuhi moja Daktari Eustace alipita, akasimama kitandani kama kawaida yake. "Habari za asubuhi, Mama Donatus?"

"Nzuri," akasema Paskazia.

Niliangusha kifuniko cha chupa ya chai. Nikatoka nje kupiga simu, nikapiga nyumbani, nikapiga kwa Mzee Liaquat, nikapiga hata kwa watu nisiowapenda. Isaka ikashangilia. Sostenes akaja na mama, na mama amevaa kitenge cha sikukuu. Paskazia akainuka kitandani, akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Habari za hapa?"

"Nzuri."

Mama akapiga vigelegele katikati ya wodi. Yule wa Segese akaziba masikio.

Daktari akatuita pembeni. Alisema bado, dawa ndiyo kwanza inaanza kuingia. Alisema mgonjwa wa namna hii hupata nguvu za mwili kabla ya kupata moyo wa kuishi, na huo ndio wakati wa kumlinda kuliko wakati wote. Sostenes alimsikiliza kwa heshima, kofia mkononi. Lakini Donatus alikuwa anapata kipaimara Jumapili ile, na mtoto alikuwa ameuliza kama mama yake atakuwepo. Baba gani atamjibu hapana, wakati mama ameanza kuongea? Daktari akakataa. Sostenes akasema atamchukua kwa dhamana yake mwenyewe.

"Hajasema ila," nikawaambia.

"Ila nini?"

"Tangu ameanza kujibu anasema nzuri, basi. Hajasema ila hata mara moja. Paskazia huyu!"

Kaka yangu akacheka, na kicheko chake kilikuwa cha furaha, siwezi kumlaumu. "Noela nawe! Mtu akikwambia nzuri, mabaya unayatafutia nini?"

Tukarudi Isaka. Watu wakaja kwa makundi kumsalimia, na kila aliyekuja alikuwa kama anajaribu taa mpya. Hujambo? Sijambo. Umeamkaje? Salama. Wakitoka mlangoni wanaambiana, amepona kabisa, Mungu mkubwa. Mimi niliyekaa naye mchana kutwa niliona jambo jingine. Alikuwa amejifunza kwamba ukijibu, watu wanaondoka. Ukinyamaza wanakuletea mchungaji na mganga na daktari, wanakugeuza, wanakuita, wanalia juu yako. Ukisema nzuri wanakuacha.

Mzee Liaquat akamrudishia sindano yake, alikuwa ameitunza kwenye droo. Paskazia akakaa barazani, akashona. Madereva wakamsalimia, akajibu. Habari za wake zao hakuuliza. Mtoto wa surua hakumuulizia. Na haikupita muda dereva mmoja akarudi kutoka Ngara na sukari iliyolowa, akamlalamikia Mzee Liaquat kwamba turubai limevuja kwenye mshono mpya. Nikakimbia na habari hiyo kwa mama. Mama akasema fundi yeyote hukosea.

Kipaimara kilipita vizuri. Kuna picha, Paskazia amevaa kitenge cha sare, mkono wake uko begani kwa Donatus. Ukiitazama haraka utasema ni mama mwenye furaha.

Siku chache baadaye alitoka nyumbani baada ya kuosha vyombo, akashika njia ya kuelekea relini. Alimsalimia kila mtu njiani. Muuza mkaa, wanawake wa bombani, fundi baiskeli, hata mzee kipofu wa pale kona, ambaye alimwinamia na kumwamkia shikamoo. Wote walikuja kutusimulia baadaye. Kila mmoja alisema, "Alinisalimia vizuri kabisa," na kila mmoja alikuwa analia. Mfanyakazi wa reli alimkuta amekaa juu ya chuma, na treni ya mizigo imeshapiga honi. Alimvuta kwa nguvu zake zote. Alituambia kwamba alipomuuliza, "Mama, kuna nini?" alijibiwa, "Salama tu."

Tukarudi Shinyanga. Wodi ileile, na safari hii kitanda cha karibu na meza ya manesi. Daktari Eustace hakutulaumu, na ningependa angetulaumu, ningepata wa kugombana naye. Alibadilisha dawa. Alisema itachukua muda mrefu, na kwamba wakati mwingine muda mrefu nao hautoshi. Alisema hivyo akinitazama usoni.

Paskazia akawa hajibu tena. Hata nzuri ile ya kuwafukuza watu ilimwishia. Niliogesha mwili wake, nikamlisha uji kwa kijiko, nikamsimulia umbea wa Isaka, mwingine nikiutunga mwenyewe. Sostenes alikuja Jumapili, akakaa ukingoni mwa kitanda akishika mguu wa mkewe juu ya shuka. Jumapili iliyofuata akaja. Iliyofuata hakuja. Mama alipiga simu kila siku na swali lake lilikuwa lilelile: "Amejibu?" Nikisema hajajibu, anaguna, anakata. Kwa mama, na kwa Isaka yote, siku mgonjwa atakapojibu salamu ndiyo siku ya kuja kumchukua kwa basi.

Jana Daktari Eustace alivuta kiti, akakaa. "Mama Donatus, habari?"

Nilikuwa napanga vyombo, sikugeuka hata kutazama.

"Ila," akasema Paskazia.

Niligeuka. Alikuwa bado ameelekea ukutani. Sauti ilikuwa yake, ya mtu aliyekaa sana bila kuitumia. Nzuri hakuisema, aliiruka. Daktari hakumwambia endelea, hakumshika, hakuandika. Akakaa kimya na kusubiri, kama Paskazia mwenyewe alivyokuwa akiwasubiri madereva. Nikaona kidole gumba cha Paskazia kinapita juu ya ncha za vidole vingine, kinatafuta uzi. Tukasubiri mpaka uji ukapoa na kufanya utando. Hakuna kilichofuata.

Daktari akainuka taratibu. Nje ya mlango akaniambia, "Dada Noela, safari hii asiondoke. Hata wakija na amri ya mahakama, asiondoke."

Nilikwenda bombani na sufuria, na simu ikalia. Mama.

"Amejibu?"

Mdomo wangu, huu huu unaosemwa, ulitaka kupiga kelele kwamba amejibu, tena amesema ile yenyewe. Nikauona uso wa kaka yangu unavyong'aa. Nikamwona anapanda basi la asubuhi.

"Hajajibu, mama."

"Hata neno moja?"

"Hata neno moja."

Nilisikia kuku wake nyuma, na mtu anayetwanga. "Basi huyo amekwisha," akasema. Sauti haikuwa ya ukali. Alikuwa anamlilia. "Nitamwambia kaka yako asijitese tena na safari. Donatus nitamlea mimi. Huyo abaki huko huko."

"Sawa, mama."

Maji yalikuwa yamejaa sufuria na yanamwagikia miguuni mwangu. Nilimwacha mama yangu alie kwa ajili ya neno nililokuwa nimelisikia kwa masikio yangu, nikamnyima. Alipomaliza kulia akakumbuka adabu, kama mtu mzima wa kwetu anavyopaswa kukumbuka.

"Na wewe, mwanangu? Habari yako?"

"Nzuri," nikasema, nikavuta pumzi.

Mama akakata simu.