Injini, Betri na Bega la Mke Wangu

Mke wangu alizungusha gurudumu kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo mimi nilijihesabu kuwa ndiye mwenye kazi. Nakiri hilo mapema ili nisije nikaghairi mbele ya safari, maana wanaonijua wanajua kwamba kukiri kosa kwangu ni kama kung'oa jino.

Kazi yetu ni kutafuta dhahabu mahali pasipo na maji. Wenye mito huosha mchanga wao. Sisi wetu tunaupepeta kwa upepo. Mashine niliiunda mwenyewe. Ni sanduku la mbao lenye wavu juu, na chini ya wavu kuna mteremko wa kitambaa kigumu, uliopigiliwa vipande vya mbao vilivyopangwa kama vidato vya ngazi. Chini ya kitambaa kuna mivukuto, ile ya kupulizia moto kwa mhunzi. Gurudumu likizunguka mivukuto inapumua, udongo unarukaruka ukiteremka, vumbi linapaa, mchanga mwepesi unapita zake, na kilicho kizito kinabaki nyuma ya vidato. Dhahabu ni nzito. Isipobaki tunanung'unika kidogo, kisha tunamwaga karai jingine.

Mimi nilimwaga, yeye alizungusha. Majirani wakamwita Mama Gurudumu. Mimi wakaniita Mzee Karai, jina ambalo sikulipenda kwa sababu niliona halionyeshi kwamba akili ya kazi ni yangu.

Mwaka huu bega lake la kulia likagoma. Kwanza alishindwa kuchana nywele, akanificha. Halafu siku moja akauachia mpini katikati ya kazi, akakaa chini vumbini akiwa ameushika mkono wake kama mtoto aliyelala. Daktari wa kituo cha afya alilipapasa lile bega, akalizungusha huku na huku hadi machozi yakamtoka mgonjwa, akasema misuli imechakaa na kuchanika. Dawa zingetuliza maumivu, lakini gurudumu ndiyo basi. Mke wangu akauliza kama ni kwa wiki mbili au tatu. "Basi kabisa, mama," daktari akasema.

Binti yetu wa kwanza, anayekaa mjini na mumewe, alipopata habari alipiga simu siku hiyohiyo. Chumba kipo, akasema, mama aje apumzike, kazi ya punda ameifanya vya kutosha. Alisema kwa upendo, ndiyo maana mama yake hakuweza kumkatalia. Wakakubaliana kwamba mkwe wetu angekuja kumchukua mwisho wa mwezi.

Nilimkuta chumbani anakunja nguo kwa mkono mmoja. "Nitakaa kwenye kochi," akaniambia, "niwe naangalia watu wakienda kazini na kurudi." Mwanamke huyu hajawahi kuwa mgeni wa mtu zaidi ya siku tatu. Siku ya nne lazima utamkuta anafagia uwanja wa watu. Nikaona kwamba kinachomuuma si bega peke yake, na mimi moyo ukaniuma vilevile, lakini sikupata la kusema. Nikikosa la kusema huwa natafuta kitu cha kutengeneza.

Nikaamua mashine ipate nguvu nyingine. Kwa hesabu zangu jambo lilikuwa rahisi: kilichoharibika ni mkono, basi tutafute mkono.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ni fundi wa magari. Gereji yake ni kiwanja chenye paa la bati upande mmoja na magari yaliyokata tamaa upande wa pili. Akanikalisha juu ya tairi akanieleza njia zilizopo. Alikuwa na injini ndogo ya petroli aliyoitoa kwenye pampu ya maji. Hiyo ilikuwa na nguvu za kutosha na za kubakiza. Alikuwa pia na mota ya waipa ya lori, ile inayofuta kioo mvua ikinyesha, ambayo ingetumia betri ya gari. Haina haraka, akasema, lakini haibishani na mzigo. Ila betri ikiisha imeisha, labda tuwe na paneli ya jua ya kuichaji, na siku ya mawingu mtabaki mnatazamana. Njia ya tatu ni pedeli za baiskeli, akasema akilitazama tumbo langu, lakini hiyo akaiacha mwenyewe.

Nilichagua injini hata hajamaliza. Mwanamume akiwekewa injini hapa na waipa pale, nani atachukua waipa? Shemeji akaniuliza kama nimemshirikisha dada yake. Nikamjibu kwamba dada yake ni mgonjwa, asisumbuliwe.

Siku ya kwanza mke wangu alikuja, ingawa nilimwambia abaki nyumbani. Akakaa kwenye kigoda upande upepo unakotoka, kitambaa puani. Nikavuta kamba, injini ikanguruma, mivukuto ikaanza kuhema, na vumbi likapaa mpaka nikawa siioni mikono yangu. Kufika saa sita mchana nilikuwa nimemwaga makarai arobaini, kazi tuliyozoea kuimaliza jua likizama. Nilikuwa nacheka peke yangu. Mara mbili mke wangu alinipungia mkono wa kushoto na kusema kitu. Sikumsikia, nikampungia na mimi.

Tulipozima tukakusanya mashapo yaliyobaki nyuma ya vidato, tukayasafisha kwenye beseni kwa maji kidogo tuliyobeba. Dhahabu ilikuwa chembe tatu, ambazo ungepiga chafya ukazikosa. Nikasema pale mahali hapafai. Kesho yake nikaihamisha mashine hadi kwenye korongo ambalo halijawahi kutunyima, na bado tukatoka mikono mitupu. Siku ya tatu nikaongeza mwendo wa injini, kwa sababu ndiyo akili niliyokuwa nayo wakati huo.

Jioni tukagombana. Akasema mashine inakimbia mno, inapeperusha hata kilicho kizito. Nikamwambia nguvu ndiyo sifa ya injini. Akasema mwendo ungeweza kupunguzwa, tatizo ni kwamba yeye hasikii. Nikamuuliza anataka kusikia nini, redio? Halafu nikatamka neno ambalo hadi leo najuta: nikamwambia anaionea wivu injini kwa sababu imechukua nafasi yake. Chakula tulikila kila mtu akiangalia sahani yake.

Asubuhi nilipoamka hakuwepo. Nilimkuta kule korongoni, amepiga magoti kwenye lundo la makapi, yaani ule mchanga uliokwisha kupita mashinani na kutupwa. Alikuwa ameujaza kwenye beseni, ameliegemeza gotini, analitikisa taratibu kwa mkono wa kushoto. Akaniinamishia nione. Kwenye ukingo wa maji palikuwa na mstari wa manjano, mwembamba kama uzi. Ilikuwa dhahabu yetu ya siku mbili, ambayo mimi mwenyewe niliipuliza na kuitupa.

Nikakaa chini. Akakaa kando yangu, akaanza kunieleza jambo ambalo alidhani nalijua siku zote. Udongo una sauti, akasema. Ukiwa mkavu wenye kokoto unasema shaa, shaa, na hapo unaweza kukaza mwendo. Ukiwa laini unanong'ona, na usipopunguza mara moja unaondoka na kila kitu. Ukiwa na unyevunyevu unadondoka kwa mabonge, hivyo unaligutusha gurudumu kidogo, unaliachia, unaligutusha tena, mpaka mabonge yavunjike.

"Injini ina kelele," akasema. "Nikikaa karibu nayo siusikii udongo. Sasa nitajuaje?"

Nikaikumbuka ile miaka kumi na tisa. Kila alipopunguza mwendo mimi nilipaza sauti: kaza, mama, kaza, jua linakwenda! Nilidhani amechoka. Siku nyingine nilimhurumia nikanyamaza, nikajiona mume mwema. Kumbe alikuwa kazini, na msumbufu nilikuwa mimi.

"Mbona hukuniambia?"

"Na wewe ulikuwa na kelele," akasema.

Niliona aibu kubwa. Nilimwomba radhi kwa lile neno la wivu, nikamwomba pia kwa kelele za miaka yote, na yeye akasema ya wivu ameyasamehe, ya kelele atayafikiria. Kisha nikamwambia lile nililopaswa kulisema siku ile alipokuwa anakunja nguo. "Sitaki uende." Akanitazama kidogo, akasema tutengeneze mashine kwanza.

Siku hiyohiyo tuliirudisha injini gereji. Shemeji hakunicheka. Alisema tu, "Karibu tena, shemeji," na hilo lilinichoma zaidi. Safari hii dada yake ndiye aliyekaa kwenye tairi na mimi nikasimama. Kitu cha kwanza alichotaka si kuambiwa nguvu za ile mota ya waipa. Alitaka iwashwe. Akainama, akaisikiliza muda mrefu, akasema hiyo sauti inavumilika. Akauliza kama mwendo unaweza kuongezwa na kupunguzwa kidogo kidogo. Shemeji akapekua kopo lake la vyuma mpaka akapata kitufe cha kuzungusha, akakiunga kwenye waya. Mke wangu akajaribu kwa vidole vya mkono wa kushoto, na mota ikawa inamtii.

Shemeji akasema ukweli wake: betri peke yake ingetupa saa nne, na paneli ikiongezwa labda sita, na makarai yasingefika nusu ya yale ya injini. Nikafungua mdomo kusema hayo ni machache. Nikaufunga.

Sijui kwa nini mtu akishajifunza jambo moja hudhani amehitimu. Tulipoijaribu mota korongoni mara ya kwanza, kazi ya kuisimamisha paneli tuliyoinunua nilipewa mimi, nikaiweka upande vumbi linakoelekea, na kabla saa haijaisha ilikuwa imevaa koti la udongo na betri imeanza kulegea. Mke wangu alikuja akaitazama, akanitazama, akaelekeza kidole upande wa pili, kule upepo unakotoka. Nikaihamisha bila neno.

Siku ya majaribio ya kweli alisogeza kigoda hadi karibu kabisa na mashine, bega la kulia limefungwa kwa kitambaa, mkono wa kushoto kwenye kitufe. Mota ikaanza. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa na mimi nikasikia: shaa, shaa, shaa. Karai la sita lilikuwa la udongo laini, sauti ikafifia, na vidole vyake vikapunguza mwendo hata kabla sijajua kwamba nimesikia tofauti. Ulimi wangu ulikuwa tayari na neno "kaza". Nikaung'ata.

Betri ilichoka saa nane mchana, makarai kumi na manane tu. Tukasafisha. Tulipata punje tisa, na moja kati yake ilikuwa kubwa kiasi cha kuishika kwa vidole bila kuogopa. Mke wangu alizipanga kiganjani akaziangalia sana. Nilimwona anatabasamu, nami nikafurahi kuliko siku niliyomaliza kuunda ile mashine.

Hata hivyo hakusema kama ataondoka au atabaki, na mimi, safari hii, sikuuliza. Mwisho wa mwezi ulikuwa umebakiza siku mbili. Asubuhi iliyofuata tulifika korongoni mapema, jua likaanza kuipiga paneli, akawasha mota. Nilikuwa nimelinyanyua karai la kwanza hadi kifuani simu yake ilipolia. Akapunguza mwendo, akaiweka sikioni. Niliisikia sauti ya binti yetu: gari lipo tayari, mumewe anatoka kesho alfajiri, mama amefungasha?

Karai lilikuwa zito, lakini sikulishusha.

"Mwambie asije, mwanangu," mke wangu akasema. "Kwenu nitakuja kuwasalimia, siku tatu. Na mengine nitakueleza nikikupigia mchana, sasa hivi niko kazini."

Akakata simu, akaitia mfukoni, akarudisha vidole kwenye kitufe na kusikiliza.

"Mwaga," akaniambia.