Waya Nisioufunga

Mimi ndiye niliyemfundisha kupima nafasi za vali. Tulikuwa tukijifunza kazi kwenye gereji moja mjini Tororo, mimi nikiwa nimemtangulia mwaka mzima. Siku shangazi yake alipomleta, binti mdogo ndani ya ovaroli iliyomzidi mikono na miguu, bosi wetu alimwambia asimame karibu na mimi aangalie ninavyofanya. Akasimama. Kwa miezi mingi alikuwa nyuma ya bega langu akitazama, na sitaficha kwamba nilipenda kutazamwa.

Baadaye nilirudi Busia. Kwetu ni upande wa Kenya, lakini gereji niliifungua upande wa Uganda, mahali ninapoweza kufika kwa miguu kila asubuhi. Yeye alibaki Tororo. Akasomea umeme wa magari, akanunua mashine ya kupimia, akaanza kushika yale magari mapya ambayo kila kitu ndani yake kinaamuliwa na kompyuta. Mimi nilibaki na masikio yangu. Nilikuwa nikisikiliza injini nikajua silinda ipi inasumbua, na kwa miaka mingi hilo lilinitosha.

Halafu wateja wangu wakaanza kumtaja. Mmoja alisema fundi wa Tororo, mwingine akasema mama wa kompyuta. Hakuna aliyekuwa na nia ya kuniudhi. Walikuwa wakipiga soga tu huku nikiwafungia magurudumu, nami nilikuwa nikikaza nati kuliko inavyotakiwa.

Miongoni mwa wateja wangu wa zamani alikuwa mkunga mmoja ambaye sisi sote tunamwita Sista. Alikuwa na kigari cheupe, chenye nafasi ya mizigo nyuma, na kwacho alizunguka vijiji vya Buteba akiwaona wajawazito. Jumapili alikwenda Molo, ile ya karibu na Tororo, kumsalimia mama yake. Hakuna fundi mwingine aliyewahi kuligusa gari lile. Ndiyo maana lilipoanza kuzima njiani alikuja kwangu.

Ugonjwa wa gari ulikuwa wa ajabu. Asubuhi liliwaka vizuri. Likishapata moto, taa ya injini inawaka kwenye dashibodi na gari linazima ghafla. Ukiliacha lipoe, linawaka tena kama halikuwa na neno. Nilibadilisha plagi, nikabadilisha koili, nikabadilisha pampu ya petroli. Kila mara nilimwambia Sista kwamba sasa limepona, na kila mara lilimzimikia. Mara ya mwisho alikaa kando ya barabara ya Buteba na kisanduku cha chanjo kwenye kiti cha nyuma, barafu ikiyeyuka.

Alipofika gereji hakunilaumu. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Kesho nakwenda Tororo, kwa yule mama wa kompyuta. Lakini nataka wewe ukuje na mimi. Ni wewe unajua hii gari."

Nilijisikia kama mtu aliyealikwa kwenye harusi ya mchumba wake. Nilikubali, kwa sababu kukataa kungeonyesha kila kitu.

Gereji ya mwenzangu ilinichoma kabla sijaingia. Sakafu ilikuwa ya saruji, imefagiliwa, na spana zilipangwa ukutani kila moja na alama ya mahali pake. Palikuwa na magari mawili ya namba za Kenya yakisubiri, na nikamtambua mwenye moja, mtu wa Busia ambaye zamani alikuwa akija kwangu. Aliponiona alijifanya anasoma simu.

"Kaka, karibu," mwenzangu alinisalimia kwa furaha, akanipa kiwiko nimshike kwa sababu mikono ilikuwa na grisi. "Umepotea sana."

Nilitafuta kiburi katika maneno yale, sikukiona, na jambo hilo nalo likaniudhi.

Alichomeka mashine yake, akasoma, akauliza maswali machache. Kisha akafanya kitu ambacho kisingenijia hata ningekaa mwaka. Alisubiri gari lipoe kabisa, akaliwasha, akachukua mashine ya kukaushia nywele, ile ya saluni, akaanza kupuliza hewa ya moto kwenye kile kisanduku cha bati ambacho ndicho kompyuta ya injini. Sehemu nyingine zote za gari bado zilikuwa baridi. Baada ya dakika chache injini ikazima. Akapuliza kwa hewa baridi, akageuza ufunguo, ikawaka. Alimtazama Sista tu, na Sista akaelewa, na mimi nikaelewa. Nilikuwa nimebadilisha vitu vitatu vizima bure, naye alikuwa amelijua tatizo kwa kifaa cha kukaushia nywele.

Aliifungua kompyuta mezani, akatuita. Kwenye ubao wa ndani vijia vya shaba vilikuwa vyeusi upande mmoja, vimeungua. Alituonyesha kwa ncha ya kalamu. Alieleza kwamba upande ule ndio wa ethi, yaani njia ambayo umeme unarudia kwenye bodi ya gari. Alisema kompyuta haiungui hapo yenyewe. Umeme ulikosa njia yake ya kawaida, ukajipitisha kwenye kompyuta.

Hapo nikakumbuka. Mwaka uliotangulia nilishusha injini ya gari lile ili kuziba oili iliyokuwa ikivuja kwa nyuma. Wakati wa kurudisha, bolti ya waya mmoja wa ethi ilikatikia ndani ya bodi, nyuma kabisa ya injini, mahali ambapo hata jicho halifiki. Nilijaribu kuwasha, gari likawaka. Nikajiambia kwamba zipo ethi nyingine. Nikauacha waya ule ukining'inia.

Yeye alikuwa ameshapima ethi ya betri na kuikuta nzima. Akanigeukia mbele ya Sista, bila hila yoyote, kama alivyokuwa akiniuliza tulipokuwa tukijifunza.

"Kaka, wewe ndiye uliyeshusha hii injini. Ethi zote ulizirudisha?"

"Zote," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali. Aliniamini. Akapiga simu Kampala kutafuta kompyuta yenye namba zilezile, na sisi tukaliacha gari kwake.

Tuliporudi baada ya siku mbili, kompyuta ilikuwa imefika kwa basi, imetolewa kwenye gari jingine la aina ileile. Aliifunga tukiwa tumesimama pale. Sista akageuza ufunguo. Injini ilizunguka, ikazunguka, haikuwaka. Akajaribu tena, vilevile. Ninakumbuka vizuri nilivyojisikia wakati ule, na kwa kuwa ninaandika mambo yangu mwenyewe nitasema kweli: nilifurahi. Niliingiza mikono mifukoni ili furaha isionekane.

Haikudumu. Alieleza kwamba kompyuta ile bado inaujua ufunguo wa gari ilikotolewa, akaketi kwenye kiti cha dereva na kompyuta yake ya mapajani, akaifundisha ufunguo wa Sista. Kisha gari likawaka kwa mguso mmoja. Alilipeleka mpaka karibu na ule mwamba mkubwa wa Tororo na kurudi, likiwa na moto, na halikuzima. Sista alimkumbatia akapata grisi begani. Miaka yote niliyolitengeneza gari lile hakuwahi kunikumbatia, wala sikuwahi kuona upungufu mpaka siku ile.

Njiani kurudi Sista alizungumza peke yake. Alisema yule mama ana akili, ana mikono safi, hana maneno mengi. Mimi nilikuwa nikipiga hesabu ya miezi. Waya ulikuwa bado unaning'inia, kwa hiyo kompyuta hii nayo ingeungua, pengine kabla ya mwaka kuisha. Na ikiungua watu wangesema kazi ya Tororo haidumu. Sikuhitaji kufanya chochote. Nilihitaji kunyamaza tu, na wazo hilo lilinikalia vizuri kama chakula cha moto.

Tulipofika Buteba, Sista alisimamisha gari. Mwanamke mmoja mwenye mimba kubwa alikuwa ameketi nje ya duka, akasimama kwa shida alipotuona. Walisalimiana kwa Kisamia, wakaulizana habari za miguu kuvimba. Kisha Sista akamwambia kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie habari njema ile, "Siku ikifika nipigie simu. Hata kama ni mbali nitakupeleka hospitali. Gari sasa iko sawa."

Mwanamke yule alinishukuru mimi pia. Alidhani mimi ndiye fundi.

Kesho yake asubuhi nilikwenda nyumbani kwa Sista nikiwa na waya mpya, drili na bolti. Nilimwambia nataka kuangalia oili. Nililala chini ya gari, nikatoboa tundu jipya kwenye bodi, nikakwangua rangi mpaka bati likang'aa, nikafunga waya na kuukaza. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Sista alinitolea kigoda na chai, akakaa karibu akinisimulia tena habari za mama wa kompyuta, kana kwamba sikuwepo. Niliinywa chai ile pamoja na sifa zile.

Gari halikuzima tena, na jina la mwenzangu likazidi kukua Busia, pande zote mbili za mpaka. Kazi yangu ya chini ya gari ndiyo iliyokuwa ikilinda kazi yake, na hakuna aliyejua. Mara nyingine nilijiona mtu mwema kwa ajili ya jambo hilo. Mara nyingi zaidi nilichukia.

Yapata miezi miwili baadaye alinipigia simu, akaniuliza kama gari la Sista linaendelea. Nikamwambia linaendelea. Hakukata. Akasema kompyuta ile bado inamsumbua kichwani, maana hakuwahi kujua kilichoiunguza, na kila simu ya Sista ikiingia anaogopa kuipokea.

Sikuwa nimepanga kusema. "Kuna ethi moja sikuirudisha," nikamwambia. "Ulipouliza nilikudanganya. Nimeshaifunga."

Nikasikia mtu akigonga chuma nyuma yake.

"Kwa nini ulinidanganya?" akauliza.

"Nilikuwa na wivu."

Nilitegemea anitukane, na hilo lingenipunguzia aibu. Aliuliza tu nimeifunga mahali gani na kama nilikwangua rangi. Nikamjibu. Akasema vizuri. Kisha, kwa sauti ambayo haikuwa ya upole wala ya hasira, akasema kama nikitaka kujua ile mashine niende Jumanne, siku ambayo kazi si nyingi.

Ilinichukua wiki tano kwenda. Sasa ninakwenda karibu kila Jumanne. Nimejua kusoma mashine, ingawa vidole vyangu ni vinene kwa vitufe vile na yeye hunisubiri. Wivu haujaniisha. Unapungua nikiwa na kazi mkononi, unarudi nikiona anavyofikiri.

Juzi dereva mmoja wa pikapu alitoka Malaba, akatukuta wawili chini ya boneti. Akanijia mimi moja kwa moja na kuniita fundi mkuu, akaanza kunieleza ugonjwa wa gari lake. Mwenzangu alikuwa ameinama, hakuinua kichwa. Nilimwacha mtu yule aongee mpaka akamaliza, pengine zaidi ya ilivyohitajika. Ilikuwa tamu. Kisha nikamwelekeza kwa spana, nikamwambia mwenye gereji ni huyu hapa, ayarudie yote hayo kwake.