Chakula cha Siku Mbili

Mpishi wa chombo kile walimwita Kijiko, kwa sababu alipakulia kijiko pale wenzake wangetumia upawa. Mabaharia walimsema kwamba ana mkono wa birika, naye hakukasirika. Alikuwa amepika kwenye vyombo vya matanga tangu hajaota ndevu, na aliwahi kuona watu wazima wakigombania ukoko. Basi alikuwa na desturi yake. Kabla ya safari alipanga mchele, maharage na unga stoo, kila mtu akiona, kisha magunia mengine akayasukuma chini ya matanga ya akiba na kufunga mdomo. Nahodha akiuliza chakula kimebaki kiasi gani, Kijiko alitaja nusu.

Nahodha mzee alilijua hilo fika. Akiambiwa siku mbili, kimoyomoyo alihesabu nne au tano, akaendelea kungoja bahari itulie. Walisafiri hivyo miaka nenda miaka rudi, huyu akidanganya na yule akijua, na hawakuwahi kulizungumza. Ulikuwa uongo mzuri, ila ulihitaji watu wawili.

Kisha mzee akateleza bafuni, akavunjika nyonga, na chombo kikakabidhiwa kwa mwanawe. Kijana hakuwa mjinga. Usukani aliujua, na wakubwa aliwaheshimu, hata Kijiko alimwita baba mdogo. Katika safari yake ya kwanza walipakia saruji, upepo ukachafuka njiani, wakajibanza nyuma ya kisiwa kisicho na mtu. Walikinga maji ya mvua, wakacheza karata mpaka wakachokana. Mdogo wake Kijiko alikuwemo humo, mtu wa kamba na tanga. Kazi hiyo Kijiko ndiye aliyemwombea.

Asubuhi moja nahodha alisimama kwenye mlango wa jiko.

"Baba mdogo, tuna chakula cha siku ngapi?"

"Mbili," Kijiko akajibu bila kuinua uso, kama alivyojibu maisha yake yote.

Kijana akamshukuru, akapanda juu na kuamuru nanga ing'olewe.

Kijiko alisikia mnyororo ukivutwa, na bahari ilikuwa bado haijatulia. Nafasi alikuwa nayo, maana nanga ile ilikuwa nzito na haikuja haraka. Alihitaji kupanda ngazi tu, aseme chakula kipo. Lakini aliwaza nyuso za watu waliolala nusu tumbo, wakisikia habari za magunia yaliyofichwa. Wangemwita mwizi, na mdogo wake angesikia. Akajipa moyo kwamba kijana akiliona wingu mwenyewe ataghairi. Nasema wazi, ilikuwa aibu tu, na kwa ajili ya aibu hiyo alibaki chini akifunga sufuria zisimwagike.

Hawakufika mbali na kisiwa. Foromali, mti ule unaobeba tanga, ulikatika na kumfagia mdogo wake baharini. Walizunguka wakimwita mpaka sauti zikawakauka. Hawakumwona tena.

Bandarini habari ilitangulia: wangekufa njaa pale kisiwani, ndiyo maana wakatoka. Hakuna aliyemlaumu kijana wala mpishi. Kijiko alikwenda kwa mke wa marehemu, akamkuta sakafuni ameegemea ukuta, mtoto amelala mapajani. Watu walipopungua, mwanamke akamuuliza.

"Shemeji, alikufa akiwa na njaa?"

Kijiko alikuwa amechoka kubeba jambo lile. Akapiga moyo konde.

"Hapana. Chakula kilikuwepo. Kingi tu. Mimi nilikificha, nikasema kinakwisha."

Mwanamke alimtazama, macho yamevimba. Kisha akamshika mkono.

"Ahsante, shemeji," akasema. "Najua unanidanganya nisiumie. Hata yeye aliniambia una moyo mzuri."

Kijiko alifungua mdomo arudie, lakini waombolezaji wengine waliingia, na mwanamke akawageukia.