Sauti ya Sadie Ilipanda Mwisho

Sadie McIlwaine alizaliwa Belfast, kwa Waairishi, na watu wa Belfast wakisema jambo, sauti hupanda mwisho. Mvua inanyesha, chai ipo tayari, baba amefariki: yote hupanda vivyo hivyo, na hakuna anayedhani kaulizwa. Sauti ya kushuka wanayo pia, lakini mara nyingi ni ya ugomvi, ya mama aliyekwisha kukuchoka. Sadie alikuja na sauti yake mpaka Luton, Uingereza, alikoolewa na Cyril, fundi wa kiwanda cha magari. Akapata kazi kwenye dobi, mahali pa kufulia nguo za hospitali, na wanawake wa pale wakamfanya kichekesho.

"Shuka zimekwisha," angesema.

"Sisi tutajuaje, Sadie? Si wewe unayezikunja?"

Naye akicheka nao miaka yote ile. Alikosea sana. Dharau ukiichekea huvua viatu na kukaa.

Mashine aliyoisimamia ilikuwa na roli mbili za moto, miti ya chuma inayozunguka na kunyoosha shuka, na mbele yake kizuizi cha chuma. Mkono ukikigusa, mashine husimama. Bi Pargeter, msimamizi wa dobi, alikichukia kizuizi kile kwa kuwa kilisimamisha kazi ovyo. Asubuhi moja ya Novemba 1962 alikitoa kwa mikono yake mwenyewe, akakiegemeza ukutani.

"Hicho lazima kirudi, Bi Pargeter," Sadie akamwambia.

"Ukiniuliza mimi, hakina lazima," Bi Pargeter akajibu, akaenda zake.

Kabla ya chakula cha mchana, Glenys, msichana wa miaka kumi na saba aliyekuwa akilisha shuka, mkono wake uliingia katikati ya roli mpaka kwenye kifundo. Sadie ndiye aliyezima mashine na kumtoa. Siku ya pili maneno yalikuwa yamekwisha kuenea kwamba yule Mwairishi ndiye aliyeiacha mashine wazi.

Wakubwa wa hospitali wakaitisha baraza. Atakayeonekana ndiye aliyetoa kizuizi atafukuzwa, na mji mzima utamjua kuwa ndiye aliyeunguza mkono wa mtoto wa watu. Mwenyekiti alikuwa Bwana Lovibond, mtu wa tai iliyokaza shingo.

"Nani alikitoa kile chuma?"

"Bi Pargeter alikitoa," Sadie akasema, na sauti ikapanda.

"Unaniuliza mimi?"

"Nakwambia." Ikapanda tena.

"Mama, hapa hatutegani vitendawili. Kama huna hakika, sema huna."

"Nina hakika." Hiyo nayo ikapanda, tena zaidi.

Bwana Lovibond akamgeukia Bi Pargeter, naye akasema maneno mawili tu: "Sikukigusa mimi." Sauti yake ilishuka taratibu kama sahani inayowekwa mezani, na uongo ukakaa. Kwa Waingereza wale anayetua mwisho ndiye anayejua. Baraza likaahirishwa hadi juma la pili.

Nyumbani Sadie alilia, kisha akatukana, kisha akakaa kumenya viazi. Cyril akavuta kiti.

"Kosa lako ni mwisho tu. Shusha. Bi Pargeter alikitoa. Tua hapo."

"Nikitua najiona kama nakugombeza."

"Basi nigombeze."

Akamgombeza kila jioni. Alimwambia kwa sauti ya kushuka kwamba chumvi imekwisha, kwamba paka wa jirani amezaa, kwamba Bi Pargeter alikitoa. Mdomo ulikataa, ukazoea, na Cyril akasema sasa hata malkia angemwamini. Sadie hakufurahi. Alijisikia kama aliyevaa koti la marehemu. Lakini kazi yake aliitaka, na jina lake alilitaka zaidi.

Siku ya baraza alisimama akasema yote. Bi Pargeter alikitoa. Nilimwambia akirudishe. Alikataa. Kila neno lilitua pale pale Cyril alipolielekeza, na yote yalikuwa kweli tupu. Bwana Lovibond akavua miwani.

"Juma lililopita ulikuwa unauliza. Leo unajua. Nani amekufundisha maneno haya?"

Mwongo angesema hakuna. Sadie, ambaye uongo hakuwa na ufundi nao, akasema, "Mume wangu."

Karani, ambaye tangu asubuhi alikuwa akichora maua pembeni mwa karatasi, aliandika hilo mbio. Haikuchukua muda. Sadie alifukuzwa kwa uzembe na kwa ushahidi wa kupangwa, na Bwana Lovibond akamshukuru kwa kuja, shukrani ya kumfungulia mtu mlango atoke.

Bi Pargeter alimkuta kwenye ujia akifunga vifungo vya koti. Hapakuwa na mtu mwingine.

"Huna kinyongo nami, Sadie," akasema, na mwisho sauti yake ilipanda, ikatetemeka, ikabaki juu ikingoja.

"Ninacho," Sadie akasema, na yake ikashuka mpaka chini bila kufundishwa na mtu.