Meno ya Mbuzi wa Hooyo

Mimi ni mkaidi, sikatai. Mvua ilipokosekana tena hapa Bura, nyasi zikaisha na mbuzi wa hooyo, mama yangu, wakaanza kutafuna maboksi sokoni, mimi ndiye niliyesema wapewe maganda ya mathenge. Mti huo wa miiba umejaa kila mahali, haujali kiangazi, na maganda yake ni matamu kama sukari. Hooyo akanionya, "Kidogo tu, na uchanganye na majani makavu." Nikamjibu, "Majani yenyewe yako wapi, hooyo?" Nikawa nawamwagia maganda mazimamazima, asubuhi na jioni. Walinenepa, nami nikatamba mtaa mzima.

Miezi ikapita. Yule mbuzi mweupe aliyekuwa akitupatia maziwa ya chai akaanza kudondosha chakula. Shavu likafura, ulimi ukaning'inia upande. Nikampanua mdomo. Subhanallah! Meno yameoza, mengine hayapo kabisa. Ule utamu na zile mbegu ngumu ndivyo vilivyommaliza, na mlishaji ni mimi. Nililia, wallahi, nikajificha nyuma ya choo nisionekane. Bila kuweza kutafuna angekufa njaa na chakula kiko mbele yake.

Mama jirani akanionyesha anavyofanya yeye: maganda yaanikwe mpaka yakauke kau, yatwangwe pamoja na mbegu, unga uchanganywe na majani. Nilikimbilia mashine ya posho kwanza. Mwenyewe akanifukuza, eti utomvu wa maganda hayo ulishamkwamishia mashine. Basi nikaazima kinu, nikatwanga mwenyewe hadi viganja vikatoka malengelenge. Unga nikaukoroga kwa maji na majani machache niliyookota mbali; mbuzi akalamba uji huo polepole, nusu ukimwagika.

Siku moja akaja abti, kaka yake hooyo, na kisu. "Huyu tumchinje angali na nyama," akasema. "Mnamtesa bure." Nikamuunga mkono. Nilikuwa nimechoka, na kila nikimtazama yule mbuzi naliona kosa langu.

Hooyo alikuwa mkekani, anakula anjera, chapati yetu nyembamba, niliyomlowekea kwenye chai. Akamtazama kaka yake, kisha akanigeukia mimi.

"Huyu binti ananilowekea chakula mwaka wa ngapi sasa?" akauliza. "Mimi nina meno? Mbona hamjanichinja?"

Abti alicheka mpaka akakaa chini. Mimi kicheko kilikataa kutoka. Nilimnyang'anya kile kisu, nikarudi kwenye kinu, nikatwanga.