Maski Iliyokwenda Shamba

Mwamina alimfinya mumewe ubavuni, akamfinya tena, na mara ya tatu akatumia kucha hasa, maana pikipiki ilikuwa imeanza kuacha njia na kuelekea majanini. Mahamudu akashtuka, akairudisha barabarani, akasema kwa sauti ya mtu aliyeonewa kwamba alikuwa macho. Macho gani hayo! Mtu kidevu kimegusa kifua, halafu anakwambia yuko macho.

Walikuwa wanatoka Nandagala kwenda Nachingwea, asubuhi ya mwezi wa saba, mwaka 2006, na Mwamina alikuwa ameketi nyuma kwa kazi moja tu, ya kumzuia mumewe, Mwalimu Mahamudu, asilale. Alimwimbia. Alimsimulia umbea wote wa kisimani. Ulipokwisha, akaanza kuwasema dada za Mahamudu mmoja mmoja, kwa makusudi, kwa sababu alijua mumewe akikasirika usingizi humkimbia kwa muda. Lakini hata hasira siku hiyo haikudumu. Kila walipofika kwenye mteremko, Mwamina aliomba dua kimoyomoyo na kukishika kiuno cha mumewe kwa mikono miwili. Mapajani, ndani ya mfuko wa plastiki, alikuwa amepakata maski ya mashine ya kupumulia ya mumewe, na hakupenda kuitazama.

Kusinzia kwa Mwalimu Mahamudu kulikuwa habari ya zamani. Miaka ya tisini, alipokuwa bado anafundisha darasani, watoto walitoka kwenda kucheza mpira na kurudi, naye kichwa kiko mezani, hajui kama walitoka. Aliwahi kulala msibani dua inasomwa, akakoroma mpaka wafiwa wenyewe wakashindwa kuzuia kicheko. Watani zake walisema ana mke mwingine wa kijini anayemkesheza. Wengine, wasio na haya, walisema Mwamina ndiye hampi mtu nafasi ya kupumzika. Mwamina aliyasikia hayo sokoni, na aliowasikia walijibiwa vizuri, wengine mpaka leo hawamsalimii.

Yeye ndiye aliyeujua ukweli. Mumewe alipolala alikoroma kama mtu anayeburuta gunia, kisha ghafla kimya. Kifua kinahangaika, pumzi haipo. Mwamina alihesabu, akangoja, akamtikisa, na ndipo Mahamudu alipovuta hewa kwa kishindo kama mtu aliyetolewa kisimani. Miaka na miaka mwanamke huyu alilala mkono wake ukiwa juu ya kifua cha mumewe. Mtu wa namna hiyo unamwambia nini kuhusu kupumzika?

Mahamudu alipopandishwa cheo na kuwa mratibu elimu kata, akapewa pikipiki ya kuzungukia shule. Watu walimpongeza, Mwamina akalia. Hakukosea. Haukupita mwaka, Mwalimu akalala akiwa anaendesha, akaingia mtaroni na kuvunjika mfupa wa bega. Jeraha hilo ndilo lililowafikisha hospitali kubwa Dar es Salaam, na huko daktari aliyekuja kutazama bega akamsikia anakoroma kitandani, akasimama, akaacha habari za bega. Alimpima, akawaeleza kwamba koo lake hujifunga akilala, pumzi inakatika usiku kucha, na kwamba mtu huyu hajawahi kulala tangu ujana wake, anafumba macho tu. Aliwaambia pia, bila kuzungukazunguka, kwamba kama hatauawa na usingizi barabarani, atauawa na moyo kitandani.

Dawa yake ilikuwa mashine ndogo inayopuliza hewa kupitia mpira mrefu mpaka kwenye maski inayokaa puani, hewa hiyo ikashikilia koo lisijifunge. Tegemeo, bima waliyokuwa wanakatwa kwenye mshahara na kuinung'unikia kila mwisho wa mwezi, ndiyo iliyolipa. Nandagala hakukuwa na umeme, kwa hiyo mashine ilitumia betri ya gari, na betri ilichajiwa na paneli ya sola juu ya bati. Majirani waliiita bomba la Mwalimu, na watoto walikuja kuchungulia dirishani wamwone akiwa na mkonga kama tembo.

Wacheke tu. Mahamudu alibadilika akawa mtu mwingine. Aliamka mwepesi, akasoma gazeti mpaka mwisho, akakumbuka majina ya watoto wa ndugu zake. Likizo moja alifurahi kiasi kwamba alimfundisha Mwamina kuendesha pikipiki kwenye uwanja wa mpira wa shule, Mwamina akazunguka magoli na kanga zinapepea, mpaka wanaume waliokuwa pembeni walipoanza kumpigia mbinja, akaona aibu, akaiacha. Na usiku, jamani, Mwamina alilala. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe alilala mpaka jua likamkuta kitandani.

Sasa sikilizeni alivyoiharibu raha hiyo kwa mikono yake mwenyewe.

Mwamina alikuwa na mikorosho aliyorithi kwa baba yake, na mikorosho bila salfa haizai, ukungu unakula maua yote. Salfa ni unga wa manjano, hupulizwa kwa bomba la injini linalobebwa mgongoni, na kwa kuwa bomba lilikuwa moja, la Mzee Mbaruku, lilizunguka shamba kwa shamba kwa zamu. Zamu yako ikifika, huahirishi. Na lazima upulize alfajiri, umande ungali kwenye majani na upepo haujaamka. Lakini salfa inachoma macho na kifua. Mwaka uliotangulia Mwamina alikohoa wiki nzima, kitambaa cha usoni hakikumsaidia kitu.

Alfajiri ya zamu yake, mwishoni mwa mwezi wa sita, Mahamudu alikuwa ameamka na kwenda kuswali. Maski ilikuwa juu ya mto, bado ina joto la uso wake. Mwamina akaitazama. Inabana vizuri puani, ina mikanda ya kichwani, na mchana kutwa imelala tu, kazi haina. Akaichomoa kwenye mpira wake, akaziba tundu la mbele kwa kipande cha kanga, akaenda nayo shamba. Alipuliza mikorosho yote bila kukohoa hata mara moja, na njiani kurudi alijiona mwanamke mwenye akili kuliko wote kata nzima.

Taabu ilikuja kwenye kuisafisha. Unga ulikuwa umegandia kwenye jasho, sabuni ikashindwa, na harufu ya salfa ikabaki pale pale. Akafanya kama wote wanavyofanya wakisafisha bomba la salfa kabla ya kulirudisha kwa mwenyewe: akachukua kitambaa, akachovya kwenye mafuta ya taa, akasugua. Maski ikang'aa. Lakini ilipofika jioni, midomo laini ya maski, ile inayobana puani, ilikuwa imevimba na kujikunja kama jani la mgomba lililopita motoni. Usiku huo hewa ilivuja pande zote, na kabla ya alfajiri mkono wa Mwamina ulikuwa umerudi juu ya kifua cha mumewe.

Hakumwambia. Mahamudu alidhani maski imechakaa, akasema si neno, bima itatoa nyingine. Mwamina akaitikia. Alitaka kusema siku ya kwanza, akashindwa. Siku ya pili ikawa ngumu zaidi, na baada ya hapo hakujaribu tena. Huku Mwalimu akirudi kule kule alikotoka, analala na tonge mkononi.

Ofisi ya Tegemeo Nachingwea ilikuwa chumba kimoja katika yale majengo ya zamani ya mradi wa karanga wa wakoloni. Mhusika wake alikuwa Bi Aurelia, mama mtu mzima, mpole lakini asiyependa mzaha na mali ya watu. Aliwakaribisha, akampa Mahamudu pole ya safari, akaeleza utaratibu: maski iliyochakaa kwa kutumika inabadilishwa siku hiyo hiyo, ya zamani inaachwa. Iliyoharibiwa kwa kutumiwa isivyotakiwa haibadilishwi, mwenyewe atasubiri mpaka zamu yake ya kawaida ifike, na zamu ya Mwalimu ilikuwa mwezi wa kumi na mbili. Kuhusu kuinunua wenyewe, Mwamina alikwisha kuuliza. Mikorosho yake yote isingetosha.

Bi Aurelia alifungua kabati, akatoa maski mpya iliyofungwa, akaiweka mezani. Mwamina aliikazia macho. Ilikuwa karibu kiasi kwamba angenyoosha mkono tu angeigusa.

Kisha yule mama akaichukua ile ya zamani, akaigeuza, akaipeleka puani. Akauliza mbona inanuka mafuta ya taa.

Mwamina akautazama mlango. Lakini Mahamudu, bila wasiwasi, kwa sababu hakuwa na cha kuficha, akacheka kidogo na kusema kijijini hawana umeme, koroboi hukaa kwenye stuli karibu na kitanda, bila shaka harufu imeingia. Lilikuwa jibu zuri. Hata Mwamina aliyejua ukweli aliona ni jibu zuri. Bi Aurelia akatikisa kichwa kukubali, akasema anaomba kauli yake tu kwamba maski haikutumika kwa kazi nyingine yoyote, naye ampe mpya waende zao mapema kabla jua halijawa kali.

"Wallahi," akasema Mahamudu, na akainua kiganja, "haijatoka chumbani kwangu."

Mume wake, mtu asiyeapa hata akidhulumiwa shamba, alikuwa ameapa. Ameapa uongo asioujua, kwa ajili ya mwanamke aliyeketi kando yake akiujua ukweli. Mwamina alijiambia anyamaze. Alijiambia maski ile ni pumzi ya baba wa mtoto wake, na Mungu anajua nia. Mkono wa Bi Aurelia ukaanza kuisukuma maski mpya upande wao. Mahamudu akageuka kumtazama mkewe kwa furaha, macho mekundu, amechoka, anamwamini kabisa. Macho hayo ndiyo yaliyomshinda.

"Imetoka," akasema Mwamina. "Niliivaa mimi, kupuliza salfa."

Akasema yote, na kipande cha kanga akakitaja, na mafuta ya taa. Alisema huku anatazama sakafu. Bi Aurelia alihema. Alisema angetamani asingeyasikia, lakini ameyasikia. Akaichukua maski mpya, akairudisha kabatini, akafunga kwa ufunguo. Aliwaambia mashine hawatanyang'anywa, na mwezi wa kumi na mbili waje asubuhi, atakuwa amewawekea. Kisha akamwambia Mwamina, taratibu, kwamba salfa haina mchezo na kifua, akamwone daktari.

Nje, Mwamina alisimama kando ya pikipiki akingoja kugombezwa. Alitaka agombezwe. Angetukanwa mbele ya watu wote wa sokoni angeona nafuu. Mahamudu alikaa kwenye ngazi ya ofisi, kofia yake ya kitambaa mkononi, akatazama chini mpaka Mwamina akadhani amelala.

"Mwaka jana ulikohoa wiki nzima," akasema mwishowe, "na mimi nililala tu."

Mwamina akashindwa kujizuia, akalia palepale. Mahamudu akamwacha alie. Alipotulia, akamnyooshea ufunguo wa pikipiki.

"Nikiendesha mimi hatufiki, Mama Zuhra. Na shule lazima nizunguke."

Aliutazama ule ufunguo. Alikumbuka uwanja wa mpira, magoli, mbinja za wanaume. Sasa ilikuwa katikati ya Nachingwea, siku ya soko, na kutoka hapo mpaka mwezi wa kumi na mbili kulikuwa na shule zote za kata, mvua za mwanzo, na kila mwenye macho. Akauchukua. Akakunja gauni, akapanda mbele, mumewe akapanda nyuma kwa taabu. Lakini mtu wa kulala ukimpakia nyuma ataanguka vilevile. Mwamina akalifikiria hilo, kisha akavua kanga ya juu, akaizungusha mgongoni kwa Mahamudu, akaileta mbele, akafunga fundo kifuani pake mwenyewe kwa nguvu zake zote, vile vile alivyokuwa akimfunga binti yao Zuhra alipokuwa mchanga.

Watu walisimama. Kijana mmoja wa mkokoteni akauliza kwa sauti kama mtoto huyo ameshaota meno, na wauza nyanya wakaangua kicheko. Mwamina, ambaye siku nyingine angemjibu mpaka ajute, hakumtazama. Alipiga kiki, injini ikakubali, akaondoka polepole.

Hawajamaliza nyumba za mwisho za mji, Mahamudu akaanza kukoroma. Kichwa chake kilikuwa kimemlalia begani, kizito, na Mwamina akakiacha. Walipita mashamba ya watu, mikorosho myeupe kwa maua, na mngurumo wa mumewe ulikuwa sikioni mwake pamoja na wa injini. Kisha ule wa mumewe ukakatika. Mgongoni alisikia kifua kikihangaika bila kuvuta kitu. Akangoja, akangoja, akampiga kiwiko. Pumzi ikarudi kwa kishindo, ya moto, shingoni kwake. Mwamina akaongeza gia.