Tulipomrudishia Mama Mwili

Watu wakiniuliza mama yangu alikufa kwa ugonjwa gani, huwa najibu kidonda cha mguu. Wanasema pole, maneno yanaisha. Leo sitaki kufupisha. Kidonda kilikuja mwishoni tu. Mama alikufa kwa kulishwa, na mmoja wa waliomlisha ni mimi, binti yake wa kwanza, kwa mikono hii hii, ambayo sasa nayo imenenepa hata pete haitoki.

Mama hakuwa mnene tangu mwanzo. Alitoka upande wa Butembo, akavuka mpaka kwa biashara ya mawese, akaolewa Bwera na baba yangu, Mkonjo wa pale. Nikiwa mtoto, miaka ya sitini, nilimwona akijitwika debe la mawese asubuhi na kupanda nalo milimani, kijiji hadi kijiji, akirudi jioni na debe tupu na nguo iliyolowa jasho. Alikula, tena alikula haswa: bonge la ugali wa muhogo na sombe, majani ya muhogo yanayoogelea kwenye mafuta. Hakuna kilichobaki mwilini. Mlima ulichukua chake.

Kisha Wahindi wakafukuzwa nchini, baba akapewa duka mojawapo waliloliacha, mjini Kasese. Siku tuliyohamia alimletea mama kiti cha mbao chenye mto, akakiweka nyuma ya meza ya duka, akatangaza mbele ya majirani kwamba mke wake hatabeba tena kitu kichwani. Alisema kwa mapenzi kabisa. Mama akakaa. Alikaa kwenye kile kiti asubuhi mpaka jioni, mwaka hadi mwaka, akila chakula kile kile cha mlimani bila mlima, na juu yake soda, biskuti, na chai ya maziwa yenye sukari ya kukata koo.

Mwili ukaja. Na nani aliulalamikia? Hakuna! Miaka hiyo sukari ilipotea madukani, sabuni ikapotea, mafuta ya kupikia yakapotea, watu wakawa wanapanga foleni bila kujua mbele kuna nini. Baba alikuwa anajuana na wanajeshi wa kambini, na gunia la sukari halikukosekana chini ya kitanda chetu. Wenzetu walipokonda sisi tulinenepa, na Mungu anisamehe, tulijivuna. Kuna sajini mmoja alikuwa kila akiingia dukani anapiga saluti mbele ya mama. "Mama, wewe iko mukubwa kuliko afande yangu!" Mama alikuwa anacheka mpaka kiti kinapiga kelele.

Ilianza kiu. Mama alimaliza mtungi wa maji peke yake, akawa wa kwenda chooni kila saa, wateja wakimngoja. Alisinzia mchana huku amemshikia mtu kipande cha sabuni. Jirani yetu mmoja, mke wa polisi, akamshika mkono akampeleka zahanati, nami nikafuata na mkoba.

Nesi alikuwa mwanamke mfupi kutoka mashariki ya nchi, mkali, asiyejua kubembeleza mtu. Mizani ya zahanati ilikuwa ya watoto wachanga, kwa hiyo alituvusha barabara hadi kwenye ghala, mama akapandishwa kwenye mizani ya kahawa. Vibarua wakaacha magunia wakatazama.

"Sasa miye niko kahawa?" mama akauliza, na ghala zima likacheka.

Nesi hakucheka. Tuliporudi zahanati alitia matone ya mkojo wa mama katika dawa ya buluu, akaichemsha juu ya moto mdogo. Buluu ikageuka kijani, kijani ikawa njano, njano ikawa nyekundu ya tofali.

"Unaona? Sukari imejaa mpaka inamwagika. Hii mwili iko mingi, mama. Moyo yako inasukuma damu ya watu wawili, na presha iko juu. Ukiendelea hivi, macho itazima, miguu itakufa ganzi, kidonda kidogo haitapona. Sitaki kukudanganya."

"Basi utanipa dawa gani?"

"Dawa iko kidogo, na siku ingine haiko. Dawa yako ni hii." Akatoa kabatini sahani ndogo ya bati yenye ukingo wa buluu, akanikabidhi mimi, si mama. "Wewe ndiyo unapika? Chakula yake isipite hii sahani. Mawese hapana. Soda hapana. Na atembee kila siku."

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilitoka pale nimeibana ile sahani kifuani, nikijua kwamba nimekabidhiwa roho ya mama yangu. Hilo nililielewa. Nisijitetee kwamba sikulielewa.

Nilikuwa mkali, jamani! Kipande cha ugali kisichozidi ngumi, maharage ya kuchemsha, mchicha, samaki wa Katwe bila tone la mafuta. Mama alinitukana kwa Kiswahili cha kwao. "Yesu Maria, mutoto gani huyu! Unafunga mama yako sawa mufungwa!" Halafu akaifuta sahani kwa kidole mpaka ikang'aa. Asubuhi tulitembea hadi stesheni ya reli na kurudi. Mwanzoni alipumzika kwenye kila nguzo ya simu, akinilaani mimi na nesi na aliyebuni stesheni. Miezi ilivyokwenda akawa anapita nguzo zote. Kiu ikapungua. Kitenge kikaanza kumzunguka mara mbili. Siku moja tulipanda mlima hadi Mahango kumsalimia ndugu ya baba, mama akanitangulia, akageuka kule juu, mikono kiunoni. "We mutoto, uko muzee?" Nilikuwa nahema hata kujibu siwezi. Sijawahi kumpenda mama kama saa ile.

Tulipokwenda tena zahanati, dawa ya buluu iliishia kijani. Nesi akampiga mama begani, basi. Kwake yeye hiyo ilikuwa sherehe.

Ila Kasese ilikuwa na macho yake. "Mama iko mugonjwa?" "Bwana ameleta mke mwingine?" Wengine hata hawakuuliza, walipokea vitu dukani kwa ncha za vidole, maana kukonda miaka ile kulikuwa na jina moja tu, kifua kikuu, au basi umerogwa. Majirani wakaanza kutuletea vyakula vilivyofunikwa kwa majani ya mgomba, kama tumefiwa. Sajini akaacha saluti. Baba ndiye aliyeumia zaidi. "Wanasema namnyima chakula," alilalamika. "Mimi! Mwenye duka!"

Na mimi nilikuwa na mchumba. Alikuwa mwalimu kijana, mtu wa Bwera, mpole, mwenye sauti nzuri kanisani, nami nilimtaka kwa moyo wote. Watu wa kwao walikuwa karibu kuja kujitambulisha. Basi shangazi yake akaja dukani akijifanya anataka chumvi. Alimtazama mama shingoni, pale mifupa ilipoanza kuonekana, akalipa, akaondoka. Wiki haikuisha tukasikia wamesimamisha safari. Ile nyumba, walisema, ina ugonjwa wa kukondesha, na binti huchukua kwa mama.

Baba akamwita dada yake kutoka Bwera. Shangazi yangu alifika na kuku wawili na dumu la mawese, akamzunguka mama kama anayenunua ng'ombe. "Ala, wifi yangu! Wamekufanya nini?" Shauri likakatwa palepale: ujumbe upelekwe kwamba wageni waje baada ya mwezi na nusu, na mama arudishiwe mwili.

Mama alinifuata jikoni. Nilikuwa nachambua maharage. Akasimama mlangoni, mwepesi, mzuri, mama yule wa debe la mawese ambaye nilidhani nimempoteza.

"Na weye unasema nini? Nesi alikupatia weye sahani. Ukisema hapana, sikuli."

Niliweza kusema hapana. Neno moja! Baba angenuna, shangazi angerudi Bwera na kuku wake, na mwalimu angeoa kwingine. Basi, ni hayo tu yangetokea.

"Mama," nikasema, "ni mpaka wageni waje tu. Wakishaondoka tunarudi kwenye sahani ndogo."

Hakukasirika, na hilo ndilo ninalolibeba mpaka leo. "Basi leta," akasema. "Ni ndoa yako."

Nikaleta. Nilileta ndizi kwa mchuzi wa karanga, kuku, sombe ya mawese, maziwa asubuhi na maziwa jioni. Matembezi yakakoma kwa sababu shangazi alisema jua linamaliza mwili. Mama akarudi kwenye kiti chake. Majirani wakaja kumshangilia, na kila aliyekuja hakuja mikono mitupu. Kabla ya mwezi kuisha kiu ilikuwa imerudi. Niliuona mtungi ukiisha, nikaujaza, nikaendelea kupika. Siku moja nesi alipita mbele ya duka. Alimtazama mama, kisha akanitazama mimi, akaenda zake bila salamu.

Wageni wakaja wamependeza. Baba alikuwa amempatia mama viatu vipya vya kufunika, vyembamba kwa miguu iliyovimba, naye akavivaa asubuhi akashinda navyo. Kitenge kilimjaa vizuri. Shangazi wa mwalimu, yule yule wa chumvi, alipiga vigelegele mlangoni. "Hapa kuna afya! Binti wa mama huyu atazaa!" Baba akatabasamu kama bwana harusi ni yeye. Baba wa mwalimu akasogea kumsalimia mama, na mama akanyoosha mkono kwa heshima zote, akaunyoosha pembeni, mahali pasipokuwa na mtu. Mzee akahama akaufuata. Walidhani ni aibu ya kike, wakacheka kwa upole. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la vikombe, nikajua kwamba mama hawaoni.

Walipoondoka nilimvua viatu. Soksi ilikuwa imegandamana na damu, na ngozi ya kidole gumba ikaja nayo.

"Mama! Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini?" akauliza. "Hakuna kinauma."

Kesho yake nilitoa sahani ndogo, kama nilivyoahidi. Nilipakua kwa uangalifu, maharage na mchicha, nikamwongoza mkono mpaka kwenye chakula. Alikula yote. Mguu haukujali. Ulianza kidole, ukapanda kwenye unyayo, ukaanza kunuka hata wateja wakawa wananunua wakiwa wamesimama barabarani. Nesi alisema hospitali, wakate haraka. Mama akakataa. "Batanizika nusu?" Baba naye akaona haya ya kuwa na mke wa mguu mmoja, ingawa mwenyewe aliiita huruma. Dawa ya sindano haikuwepo zahanati, na hata kambini haikuwepo. Alifariki wiki tatu kabla ya harusi yangu.

Tulimzika Bwera. Watu wa mwalimu walikuja wote, na harusi haikuvunjika. Wanawake waliketi kwenye mikeka wakinipa mkono wa pole, mmoja baada ya mwingine, na mama mkwe wangu akanivuta akanikumbatia. "Tumshukuru Mungu," akasema, "amekwenda na mwili wake. Hakukonda." Wenzake wakaitikia ndiyo, kweli, hakukonda hata kidogo. Nami nikaitikia.

Baada ya chakula shangazi yangu alikuwa anaosha vyombo vya matanga na kuvigawa kwa wenyewe. Akainua ile sahani ya ukingo wa buluu, iliyokuja na vyombo vyetu vya Kasese, akaigeuza huku na huku. "Na hii ya mtoto gani?"

"Sijui," nikasema.

Akaiweka chini, akawamwagia kuku maji ndani yake.